Montreal 1976: Bayi alikosa mbio, Makaburu walikosa nini?

Msomaji mmoja wa Babati ametuletea maswali matatu yaliyotokana na ubishi kati yake na mjomba wake. Mjomba anashikilia kwamba mkimbiaji wetu Filbert Bayi angerudi na dhahabu kutoka Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 lau Tanzania isingesusia, na kwamba tulijiumiza wenyewe bure, kwa kuwa Afrika Kusini ya Makaburu haikuwa hata imealikwa. Msomaji anataka kujua kama kususia kule kulikuwa na faida yoyote. Kama ni sawa kukuita upinzani wa wanamichezo ilhali wakimbiaji wenyewe hawakuulizwa. Na kama mwanariadha wa leo anaweza kufanya walichofanya wale Wamarekani wawili walioinua ngumi mwaka 1968.

Ndugu msomaji, mjomba wako ana haki ya kusikitika, ila hesabu yake ameianza katikati. Anayeanzia mwaka 1976 ataona hasara tupu. Anayerudi nyuma miaka mitatu tu atakuta kwamba silaha iliyomnyima Bayi mbio za Montreal ndiyo iliyokuwa imemfungulia njia ya kufikia ushindi mkubwa kuliko wote aliopata maishani.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola hadi kwenye utepe, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker, kijana wa New Zealand, ambaye naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Sasa tujiulize ilikuwaje Watanzania na Wakenya wakawapo uwanjani siku hiyo. Mwaka 1973 timu ya taifa ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, ilikuwa imepangiwa ziara New Zealand, na nchi za Afrika zilikwisha kuonya kwamba zikiona Makaburu wanakaribishwa huko, zenyewe hazitakanyaga Christchurch. Aprili 1973 Waziri Mkuu Norman Kirk aliifuta ziara hiyo, ingawa alijua kwamba uamuzi huo ungemgharimu kura katika nchi inayoipenda raga kupita kiasi. Springboks wakabaki kwao, Waafrika wakaja, na Bayi akavunja rekodi. Kwa maneno mengine, mbio za Christchurch ambazo mjomba wako bila shaka anazikumbuka kwa fahari zilikuwa tunda la tishio la kususia.

Wala tishio hilo halikuwa la kwanza. Afrika Kusini ilizuiwa kushiriki Tokyo mwaka 1964, lakini Februari 1968 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kuirudisha kwa ajili ya michezo ya Mexico City. Baraza Kuu la Michezo Afrika, lililoundwa Bamako mwaka 1966, likasimama kidete, nchi moja baada ya nyingine ikatangaza kutokwenda, na kufikia Aprili kamati ikameza maneno yake. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa katika familia ya Olimpiki. Mwaka 1972, siku chache kabla ya ufunguzi wa Munich, Rhodesia ya Ian Smith (Zimbabwe ya leo) nayo iliondolewa kwa shinikizo lilo hilo. Mexico City, Munich na Christchurch ni mara tatu ambazo Afrika ilipata ilichodai bila mkimbiaji wake hata mmoja kukosa mbio. Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu: tishio hufanya kazi maadamu anayetishiwa anaamini kwamba litatekelezwa, na mwaka 1976 alitokea mtu asiyeamini.

Kirk alifariki mwaka 1974. Uchaguzi wa 1975 ulimpa ushindi Robert Muldoon, aliyekuwa amewaahidi wapiga kura kwamba serikali yake haitaingilia michezo, na kila aliyemsikia alielewa kwamba mchezo unaozungumzwa ni raga na mgeni anayesubiriwa ni Kaburu. Timu ya New Zealand, All Blacks, ikapanga kuzuru Afrika Kusini katikati ya mwaka 1976. Tarehe 16 Juni polisi wa Makaburu walianza kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakiandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Wiki mbili baadaye, damu ikiwa bado mbichi, All Blacks walianza ziara yao kwa baraka za serikali yao.

Baraza Kuu, ambalo katibu wake mkuu alikuwa Jean-Claude Ganga wa Kongo Brazzaville, liliitaka Kamati ya Olimpiki iiondoe New Zealand kwenye michezo ya Montreal. Kamati ilikataa, ikisema kwamba raga si mchezo wa Olimpiki na kwamba haina mamlaka juu ya chama cha raga cha nchi yoyote. Kisheria hoja hiyo ilikuwa nzito, na sioni sababu ya kuificha. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine, kwa sababu nchi za Afrika hazikuwa zikikishitaki chama cha raga peke yake. Zilikuwa zikiuliza inawezekanaje serikali ibariki urafiki na Makaburu mwezi Julai huku Soweto ikizika watoto, kisha mwezi huo huo wanamichezo wake wasimame mstari mmoja na wa Tanzania na Kenya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Michezo ilifunguliwa Julai 17, na zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikushiriki au ziliondoka, pamoja na Guyana na Iraki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizotangaza msimamo mapema. Misri, Moroko, Tunisia na Kameruni zilishindana kwa siku za mwanzo kisha zikafunga virago. Senegal na Kodivaa zilibaki.

Je, nani aliumia? Bayi, bila shaka, ingawa sikubaliani na mjomba wako kwamba dhahabu ilikuwa tayari mfukoni. Agosti 1975 Walker alikuwa amemnyang'anya Bayi rekodi ya maili kwa kukimbia dakika 3 na sekunde 49.4, na habari za wakati ule zilieleza kwamba Bayi alisumbuliwa na malaria kabla ya michezo. Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Fainali ya Montreal iliendeshwa polepole mno, Walker akaibuka mshindi kwa dakika 3 na sekunde 39.17, takribani sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Wakimbiaji walichungana kama paka hadi mzunguko wa mwisho. Bayi hakuwa mtu wa kukubali mbio za namna hiyo. Angeondoka mbele tangu mwanzo, na hata kama angeshindwa, zingekuwa mbio nyingine kabisa.

Waganda walimkosa John Akii-Bua, bingwa wa Munich na mwenye rekodi ya dunia ya mita 400 za kuruka viunzi ya sekunde 47.82. Yeye alitazama kwa mbali kijana wa Marekani asiyejulikana sana, Edwin Moses, akichukua dhahabu na rekodi yake kwa pamoja. Hapa pana kinaya ambacho si haki kukipita kimya, kwani Uganda ya Idi Amin ilisusia kwa jina la haki za binadamu. Wakenya walimkosa Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 mjini Munich, na walimkosa Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 na ambaye hadi anafariki mwaka 2024 hakuwa amekimbia Olimpiki hata mara moja.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa mizani, ambao mjomba wako haupimi. Mwaka 1978 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa ifanyike Edmonton, Kanada. Kila kiongozi wa Jumuiya alikuwa ameona kwamba Waafrika wakisema hawaji, hawaji kweli. Juni 1977, walipokutana Gleneagles, Uskoti, viongozi hao walikubaliana kwamba kila serikali ina wajibu wa kupiga vita ubaguzi wa rangi kwa kutoiunga mkono michezo na Afrika Kusini na kuwavunja moyo raia wake wasishiriki. Muldoon mwenyewe alikuwamo na aliridhia. Maneno ya makubaliano yale yalikuwa laini, yenye mianya mingi ya kupenyea, na Muldoon aliitumia mianya hiyo baadaye. Hata hivyo, ilikuwa mara ya kwanza serikali za Uingereza, Australia na New Zealand kukiri kwa pamoja kwamba jambo hilo linazihusu. Kenya na Tanzania zilikwenda Edmonton. Rono alishinda mita 5000 na mbio za kuruka viunzi na maji, Bayi akapata fedha ya mita 1500.

Lau Waafrika wangetishia Montreal kisha wakaandamana kwenye ufunguzi wakiwa wametabasamu, Gleneagles isingekuwapo, kwa sababu hakuna ambaye angekuwa na haja ya kuwasikiliza tena. Kilichonunuliwa Montreal kwa gharama ya Bayi, Boit na Akii-Bua ni kuaminika kwa neno la Afrika. Hicho hakionekani kwenye orodha ya medali, lakini ndicho kilichofanya kazi katika miaka iliyofuata.

Huenda ukauliza kwa nini Makaburu wajali kucheza au kutocheza raga, wakati dhahabu na almasi zao ziliendelea kununuliwa. Raga kwa wale wazungu ilikuwa ndiyo kipimo cha utu wao mbele ya dunia, na New Zealand ndiyo mpinzani waliyemheshimu kuliko wote. Vikwazo vya biashara vingeweza kukwepwa kwa siri na mtu wa kawaida mjini Pretoria asivihisi. Jumamosi isiyo na mechi ya kimataifa haikwepeki. Kwa ajili ya mechi hizo New Zealand nayo ilikuwa imejidhalilisha vya kutosha: mwaka 1960 iliwaacha nyumbani wachezaji wake Wamaori ili isiwaudhi wenyeji, na mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa kuingia Afrika Kusini kwa cheo cha ajabu cha wazungu wa heshima.

Kazi haikuishia kwa marais na mawaziri. Muldoon alipowaruhusu Springboks kuzuru New Zealand mwaka 1981, wananchi wa huko ndio waliosimama. Chama cha HART, kilichokuwa kikipinga ziara hizo tangu 1969, kilikuwa kimewaandaa watu kwa miaka mingi. Zaidi ya watu 150,000 walishiriki maandamano katika kipindi cha wiki nane. Tarehe 25 Julai, mjini Hamilton, mamia walivunja uzio wakasimama katikati ya uwanja wameshikana mikono mpaka mechi ikafutwa. Watu hao walikuwa raia wa nchi ile ile tuliyoikasirikia mwaka 1976, na huenda baadhi yao walianza kuijua kadhia hii kwa sababu Montreal ilikuwa imewaaibisha.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, na jibu langu ni kwamba una haki: kilichotokea mwaka 1976 kilikuwa uamuzi wa serikali kuhusu miili ya watu wengine. Mwanamichezo anayepinga kwa hiari hutoa kilicho chake. Serikali inayosusia hutoa kilicho cha mkimbiaji, na kwa kawaida haimlipi. Wakimbiaji wa enzi hiyo walikuwa wa ridhaa. Olimpiki ilikuwa karibu ndiyo malipo pekee, tena hutokea kila baada ya miaka minne katika ujana usiongoja. Naamini uamuzi wa 1976 ulikuwa sahihi, na papo hapo naamini serikali zilipaswa kuwaita wakimbiaji, kuwaeleza, na baadaye kuwatunza kama watu waliotumikia taifa vitani.

Lakini mpaka kati ya mambo haya mawili hauko wazi kama tunavyodhani, na mwaka 1968 unaonyesha hivyo vizuri. Tommie Smith na John Carlos hawakuinua ngumi kwa hasira ya ghafla. Walikuwa katika harakati ya wanamichezo weusi wa Marekani iliyoongozwa na mwanasosholojia Harry Edwards, na miongoni mwa madai yake yaliyoandikwa na kutangazwa miezi mingi kabla lilikuwamo dai la kuzuia Afrika Kusini na Rhodesia, na jingine la kumrudishia Muhammad Ali ubingwa aliovuliwa mwaka 1967 alipokataa kujiunga na jeshi kwenda Vietnam. Shinikizo lao lilikutana na la serikali za Afrika, na kwa hiyo Smith alipopanda jukwaani tarehe 16 Oktoba, akiwa na rekodi mpya ya dunia ya mita 200 ya sekunde 19.83, Makaburu walikuwa wamekwisha kufungiwa mlango. Wawili hao walifukuzwa kwenye michezo. Peter Norman wa Australia, mshindi wa fedha, hakuinua mkono. Alivaa tu beji ya harakati hiyo, na lawama alizopata kwao zilidumu kiasi kwamba bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka 2012, miaka sita baada ya kifo chake.

Huyo huyo Ali ndiye anayetuonyesha kususia kusiko na maana. Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma azungukie nchi za Afrika kuziomba zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikataa kumwona, maana aliona ni dharau kutumiwa mwanamasumbwi kwa jambo la nchi, na waandishi wa habari wakamuuliza Ali swali ambalo hakuwa ametayarishiwa: mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976? Ali, ambaye alikuwa mkweli hata pale ukweli ulipomwadhiri, alikiri hadharani kwamba huenda anatumiwa vibaya. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000, na medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki. Kenya ilisusia, na Boit na Rono wakanyimwa Olimpiki kwa mara ya pili.

Tofauti ya 1976 na 1980 naiona hivi. Waafrika walidai jambo ambalo michezo yenyewe ingeweza kulitimiza, yaani kukata uhusiano wa kimichezo, na walilidai kwa zaidi ya miaka kumi bila kuyumba. Carter alitaka michezo iondoe vifaru Kabul. Majeshi ya Kisovieti yaliondoka Afghanistan mwaka 1989, na mbio za Moscow hazikuwa na mkono katika kuondoka kwao.

Kuhusu swali la tatu, Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki bado inakataza maonyesho ya kisiasa. Mwaka 2021 kamati ililegeza kidogo, ikaruhusu mwanamichezo kuonyesha msimamo wake uwanjani kabla mashindano hayajaanza na kusema atakacho kwa waandishi, lakini jukwaa la washindi limebaki marufuku. Kwa hali halisi, adhabu ya kamati ndiyo ndogo kuliko zote. Feyisa Lilesa wa Ethiopia alipomaliza wa pili nyuma ya Eliud Kipchoge katika marathoni ya Rio mwaka 2016, alipishanisha mikono juu ya kichwa kupinga kuuawa kwa Waoromo. Medali hakunyang'anywa, lakini hakuthubutu kurudi nyumbani. Aliishi Marekani mpaka Oktoba 2018, serikali ilipokuwa imebadilika. Henry Olonga, mrusha mpira wa Zimbabwe ambaye baba yake ni Mkenya, alivaa kitambaa cheusi mkononi pamoja na Andy Flower kwenye Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, kuomboleza kifo cha demokrasia nchini mwao. Alilazimika kukimbilia Uingereza, na hakuichezea Zimbabwe tena.

Ukiwatazama hawa wote utaona kwamba hakuna aliyeiacha ishara ijieleze yenyewe. Olonga na Flower waliwapa waandishi tamko lililoandikwa kabla mechi haijaanza. Lilesa alikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa waandishi akaeleza nani anauawa na wapi. Mwanariadha wetu anayefikiria njia hiyo leo aanze kwa kusoma mkataba wake na shirikisho na wadhamini, ajue wanaweza kumfungia kwa muda gani, kisha aandike kwa sentensi chache anachodai na kwa nani, na amtafute mtu wa kumpokea ikiwa hataweza kupanda ndege ya kurudi na wenzake.